Kabla Bridget Hajafunga kwa Sala

Peninah alikuwa amemwahidi binti yake jambo moja tu, na alimwahidi ndani ya gari, kabla hawajatoka nyumbani kwao Quakers Hill: leo hatasema. Atakayesema ni Jacky. Kama kuna mtu wa kupangwa, atapangwa na Jacky. Kama kuna mtu wa kuambiwa asogee, ataambiwa na Jacky. Peninah angetembea kama wengine, macho chini, mdomo umefungwa.

Kwa mwanamke wa aina yake hiyo haikuwa ahadi ndogo. Kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Parramatta, ndiye aliyepanga zamu za wahudumu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba alikuwa hajaiona zamu yake. Kanisani ndiye aliyejua nani analeta wali na nani analeta sahani. Watu walimwogopa kidogo na kumtegemea sana, naye hakuona kosa katika hilo. Mambo yalikwenda. Yasipokwenda, aliyasukuma.

Lakini shughuli ya Jumamosi hii ilikuwa ya Jacky. Majuma mawili nyuma, kabla giza halijaingia vizuri, kimondo kikubwa kilikatiza anga ya magharibi mwa Sydney kikiwaka kijani na cheupe, kikanguruma hadi madirisha yakatikisika. Kamera za kutazama anga zilikinasa. Chuoni wakapiga hesabu za mwendo na upepo, wakasema kuna kipande kilichofika chini. Mwalimu wa Jacky akapeleka kikosi chake kwenye malisho fulani alikoamini kipande hicho kiliangukia. Jacky, aliyekuwa mwaka wa tatu wa masomo ya miamba, alizirudia hesabu hizo peke yake mezani jikoni, siku baada ya siku, akila bila kuangalia sahani, akapata shamba jingine, upande wa pili wa barabara. Mwalimu alizipitia akasema hazina ubaya. Akamruhusu alipekue shamba hilo, ila watu ajitafutie mwenyewe.

Jacky hakuwa na watu. Mama yake ndiye aliyekuwa nao.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai, baridi ikiwa bado imelala kwenye nyasi, waumini wa kikundi cha Kiswahili walisimama kando ya ua wa seng'enge nje ya Riverstone, wamevaa makoti, kofia za sufu na viatu vya mvua. Zamani palikuwa na ng'ombe hapo. Sasa shamba limeuzwa, na ng'ambo ya barabara paa za nyumba mpya zilikuwa zimejipanga hadi upeo wa macho. Jumatatu tingatinga zingeingia kusawazisha. Baada ya hapo, kama kimondo kilikuwa humo, kingelala chini ya sebule ya mtu hadi mwisho wa dunia.

Jacky alipanda juu ya gogo akawaeleza. Alianza kwa Kiingereza, akaona nyuso zimetulia kama za watu wanaosikiliza matangazo ya ndege, akageukia Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho nyumbani hakukitumia ila alipotaka kitu. Mnasimama kwa safu, alisema, mtu na mwenzake wakiacha nafasi ya mikono miwili. Kila mtu ana njia yake, iliyonyooka, kutoka ua huu hadi ule. Unaangalia chini, kushoto na kulia, huondoki kwenye njia yako. Ukiona jiwe jeusi, jeusi kama limechomwa jikoni, unasema "Simama." Safu yote inasimama. Mimi nakuja kuangalia. Usiliguse kwa mkono. Na sumaku hapana, kwa sababu sumaku inafuta habari iliyo ndani ya jiwe.

Oloo, dereva wa basi mwenye kicheko kikubwa kuliko gari lake, alirudisha kitu mfukoni taratibu. Kilikuwa sumaku ya spika aliyoing'oa kwenye redio mbovu.

"Ni kubwa kiasi gani?" Armelle aliuliza. Huyu alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na kimondo alichokijua yeye ni kile cha Mbozi, ambacho watu wanapiga picha wakiwa wamekiegemea kama gari.

"Kama nusu avokado, auntie. Labda ndogo."

"Nimetoka kazini saa hii, nimewageuza wazee usiku kucha," Armelle akasema, "halafu nakuja kutafuta nusu avokado."

Watu wakacheka, wakapanga safu, wakaanza kutembea. Peninah alipewa njia ya mwisho kabisa, kandokando ya ua, na alijua kwa nini. Huko hakuwa na mtu wa kumpanga upande mmoja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Safu ilikwenda imenyooka, na ukimya ukawa wa kupendeza, wa watu wazima wenye kazi moja. Kisha Bridget, muuguzi mpole ambaye hata sauti ya kuombea chakula ilimtoka kama anaomba radhi, akasema "Simama." Safu ikasimama. Jacky akakimbia, akachuchumaa, akasimama tena akasema asante, auntie, hii ni mavi ya kangaruu.

Oloo aliangua kicheko kilichowarusha kunguru kutoka kwenye waya za umeme. Akasema Bridget ametumwa na Mungu kutoka Kisii hadi Australia kuja kutambua kinyesi. Bridget alicheka pia, kwa adabu, akavuta kofia chini ya masikio.

Baadaye kidogo Armelle akasimamisha safu kwa kipande cha mkaa. Oloo akamwuliza kama ana nyama ya kuchoma juu yake. Mama mmoja akasimamisha safu kwa kifuniko cha chupa, na Oloo akamwambia ahifadhi, chupa yenyewe labda inakuja nyuma kutoka mwezini. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu ambaye hawezi kuona ukimya bila kuujaza. Lakini Peninah, kutoka njia yake ya mwisho, aliona vile "Simama" zilivyoanza kupungua. Zikapungua, kisha zikaisha kabisa.

Wala haikuwa kwamba mawe yameisha.

Aliona Armelle akiinama, akitazama kitu, kisha badala ya kupaza sauti akamwita Bridget kwa mkono. Bridget akatoka njia yake akaenda kuangalia naye. Wakashauriana, wakakubaliana kwamba si kitu, wakaendelea pamoja, bega kwa bega, wakiwa wameshafungua mazungumzo ya mtoto wa Armelle, Kelly, aliyekataa kuvaa sare. Hatua chache mbele Bridget akaona jambo, na mara hii walikuwa watatu. Kila aliyetilia shaka jiwe alitafuta kwanza wa kumthibitishia, ili asichekwe, na kila aliyethibitishiwa akabaki na mwenzake, kwa sababu baridi ilikuwa kali na maneno yalikuwa matamu. Safu ikawa mafungu. Kati ya mafungu nyasi zilisimama hazijaguswa.

Mdomo wa Peninah ulifunguka mara tatu. Mara zote tatu aliufunga. Jacky alikuwa mbele akitembea kinyumenyume, simu mkononi, akiyaona yote. Peninah alimwona akiinua mkono kama anayetaka kuita, kisha akiushusha na kujikuna shingo.

Walipofika ua wa pili walirudi, wakaenda tena, wakarudi, hadi shamba likaisha. Hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa limepanda bila kuleta joto. Chapati zikafunguliwa nyuma ya gari la Peninah, chai ikamiminwa kutoka kwenye chupa, na watu wakakaa juu ya gogo na viti vya kukunja wakisugua magoti.

Jacky hakula. Alikaa kwenye ngazi ya lori bovu lililoachwa na mwenye shamba, na kompyuta yake ya mkononi, ile bapa, mapajani. Peninah alimpelekea kikombe akasimama nyuma yake. Simu ya kila mtu ilikuwa imerekodi alikopita, na kwenye kioo kila njia ilionekana kama uzi mwekundu. Ni nyuzi za mtu mmoja tu zilizonyooka kama rula, nazo zilikuwa za Peninah. Zilizobaki zilipinda, zikabanana, zikaachana, zikabanana tena. Katikati ya shamba kulikuwa na uwazi mrefu ambao hakuna mguu uliokanyaga.

"Hapo hapajatembewa," Peninah alisema.

Jacky akajibu kwa Kiingereza kwamba anajua, na kwamba si neno, atapatembea yeye mwenyewe watu wakishaondoka.

Peninah aliutazama uwazi, akalitazama shamba lenyewe, akalitazama jua. Binti yake alikuwa hodari wa hesabu, na hesabu hii haikuhitaji chuo. Mtu mmoja asingemaliza hata nusu kabla ya giza. Kesho Jumapili mvua ilitabiriwa, na Jumatatu ndiyo hiyo.

Akamwuliza itakuwaje asipomaliza. Jacky akaeleza, na sauti ilikuwa imepungua. Jioni alipaswa kulipaka shamba hili rangi ya kijani kwenye ramani ya mwalimu. Kijani maana yake limetafutwa, halina kitu. Likishakuwa kijani hakuna atakayerudi, na hesabu zake zitawekwa kando kwamba zilikuwa na kosa. Asipolipaka, itabidi aandike kwamba watu wake hawakufanya kazi.

"Basi waambie warudi."

"Mum, siwezi." Hilo alilisema kwa Kiswahili, pengine ili mama yake asisingizie kutoelewa. "Auntie Armelle hajalala. Uncle Oloo ameacha zamu. Wamekuja bure, wananiita mtoto wetu. Nitawaambiaje wamekosea? Mimi ni nani?"

Hapo Peninah alikuwa na njia rahisi kabisa. Angegeuka, angepiga makofi mara mbili, angesema jamani inukeni, na wangeinuka, wengine chapati ikiwa bado mdomoni. Ingemchukua muda mfupi kuliko kufunika chupa ya chai. Na kuanzia siku hiyo wote wangejua kwamba Jacky ni wa kubebewa na mama yake, hata Jacky mwenyewe.

"Armelle hakuja kula chapati," alimwambia. "Chapati anazo kwake. Amekuja kutafuta jiwe. Ukipaka kijani, wa kwanza kumdanganya ni yeye, halafu ndiyo mwalimu wako."

"Waambie wewe."

"Nimeahidi sisemi."

"Nakuondolea ahadi."

"Nimekataa kuondolewa," Peninah akasema, akamwachia kikombe, akarudi kwenye gari kukusanya sahani.

Sasa, watu hawa wana utaratibu mmoja usioandikwa popote. Shughuli hufunguliwa kwa sala na hufungwa kwa sala, iwe harusi, mkutano au kuhamisha mtu makochi. Ile ya kufunga ikishaombwa, imefungwa. Baada ya amina mtu anatafuta funguo za gari lake, na hata ukimwambia umesahau kumlipa, atakwambia tutaongea wiki ijayo. Peninah alijua hivyo. Jacky, aliyekulia viti vya nyuma vya mikutano hiyo, alijua zaidi.

Oloo ndiye aliyeinuka kwanza. Akajinyoosha, akasema tumefanya letu, Mungu anaona, mwenye kimondo chake akitaka atakirudisha mwenyewe. Watu wakacheka, wakaanza kukunja viti. Akamwomba Bridget awafungie kwa sala. Bridget akavua kofia, akaifunga mikono mbele ya koti. Wengine wakaweka vikombe chini. Vichwa vikainama.

Cha Peninah hakikuinama. Alikuwa anamwangalia binti yake kupitia kioo cha nyuma cha gari, akijiuma ndani ya shavu, na Bridget tayari alikuwa amefumba macho na kuvuta pumzi.

"Auntie Bridget, naomba usifunge."

Bridget akafumbua jicho moja.

Jacky alikuwa amekuja katikati yao, kompyuta ameikumbatia kifuani kama sinia. Shingo yake ilikuwa imesimama, na maneno yalimtoka moja moja.

"Hatujamaliza," alisema. "Kuna pahali katikati hatujapita. Mliacha njia zenu. Niliona na sikusema, hiyo ni kosa yangu. Lakini siwezi kuandika shamba limetafutwa, kwa sababu halijatafutwa. Naomba tutembee tena ile sehemu. Leo. Sasa."

Mama mmoja alitazama saa. Oloo aliguna akasema kwa sauti ya chini, isiyo chini sana, kwamba siku hizi watoto ndio wanasimamia wazee. Peninah aliikamata sahani aliyoishika kwa mikono miwili. Jibu la kumpa Oloo lilikuwa tayari kinywani mwake, limeiva, na alilimeza zima zima.

Jacky hakumjibu Oloo wala hakurudi nyuma. Aligeuza kompyuta akawaonyesha zile nyuzi nyekundu. Wakasogea, kwa sababu hakuna asiyetaka kujiona. Armelle alisukuma miwani juu ya pua, akatazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Nani alisuka kichwa hiki?" akauliza. "Huyu si wa kulipwa."

Kikatoka kicheko, kidogo, kisha kikubwa, na kikalegeza mabega. Armelle yeye alikuwa ameshaacha kucheka. Akasema afadhali liwekwe wazi. Yeye alitoka njia yake kwa sababu hakutaka kusimamisha watu wote halafu achekwe kwa ajili ya mkaa. Alimwita Bridget amhakikishie. Bridget akakiri kwa kichwa kwamba naye ni hivyo hivyo, tangu yale mavi. Hakuna aliyemtaja Oloo. Wote tu waligeuka wakamtazama.

"Mimi?" Oloo akasema. "Mimi nilikuwa nawachangamsha."

"Ulituchangamsha hadi tukanyamaza," Bridget akamwambia, na kwa kuwa ni Bridget aliyesema, mtu aliyechukua dakika nzima kuomba chumvi, Oloo akavua kofia akajikuna kichwa.

Jacky akatoa sharti jipya papo hapo. Kila mtu asimamishe safu kwa chochote cheusi, hata kama anajua ni mavi. Asiulize jirani. Atakayecheka atabeba viti vya watu wote hadi kwenye magari. Akawapanga tena, safari hii akimshika kila mtu bega na kumweka mahali pake: Armelle hapa, Bridget pale, Oloo katikati yao ili wasipate wa kuzungumza naye. Alipofika kwa mama yake hakumgusa. Alionyesha tu kwa kidole, njia ya mwisho ya kulia, mbali na kila mtu.

Wakaenda polepole. "Simama." Mkaa. "Simama." Kinyesi. "Simama," Oloo akasema, na Jacky akaja, na kilikuwa kisigino cha kiatu cha zamani. Kina mama wakatazama angani kwa bidii. Oloo akasubiri, hakuna aliyemcheka, na ikaonekana jambo hilo lilimuuma kuliko kuchekwa. Safu ikasimama na kwenda, ikasimama na kwenda, na kila mtu alibaki kwenye njia yake. Upande wa magharibi mawingu ya mvua ya kesho yalianza kujikusanya. Miguu ya Peninah iliuma, na aliiacha iume. Macho yake yalipita kwenye kila fungu la nyasi kushoto, kisha kulia, kama alivyoagizwa.

"Simama."

Ilikuwa sauti ya Armelle, ya uchovu, haina tofauti na zile nyingine. Jacky akaja. Akachuchumaa.

Peninah akangoja ainuke. Hakuinuka.

Kutoka pale alipokuwa aliona mgongo wa koti la binti yake tu, na kichwa kimeinamia nyasi. Jacky akapiga picha. Akahamia upande wa pili akapiga nyingine. Kisha akafanya ambalo hakuwa amelifanya siku nzima: alivua begi mgongoni, akatoa glavu mpya na karatasi ya foili.

Minong'ono ilipita safuni kutoka mtu hadi mtu, ikamfikia Peninah ikiwa imechoka: ni jeusi, lina nyufa ndogo ndogo kama ukoko wa sufuria, limevunjika pembe moja na ndani ni kijivu kama saruji. Majani yaliyolaliwa nalo hata hayajakauka vizuri. Armelle alikuwa amekaa chini pale pale kwenye njia yake, mikono kichwani, akisema kitu kwa Kirundi.

Safu ilianza kujikunja kuelekea kule. Mmoja alipiga hatua, halafu mwingine. Oloo alikuwa ameshanyanyua mguu.

"Kila mtu abaki pale pale," Jacky alisema bila kugeuka. Sauti haikuwa kubwa. "Labda kuna kingine. Tukimaliza njia, wote mtakiona."

Oloo akaurudisha mguu.

Peninah alitaka kuona. Alitaka kuona kuliko alivyotaka kitu chochote tangu siku alipomshika mtoto huyu mara ya kwanza, na alikuwa na mdomo, na alikuwa na miguu, na hakuna aliyewahi kumzuia popote. Alisimama kwenye nyasi zilizomfika magotini, akaipanga miguu yake sawasawa na njia yake, akaangalia chini, kushoto, kulia, akingoja kuambiwa aendelee.